Optokapla

Optokapla (huitwa pia optoaisoleta au kitenganishi cha nuru) ni kijenzi cha elektroniki kinachopeleka ishara kutoka saketi moja hadi nyingine kwa njia ya nuru, bila waya wowote kuziunganisha saketi hizo. Ndani yake mna LED ndogo upande wa kuingilia na kipokea nuru upande wa kutokea. Ishara ya umeme huwasha LED, nuru yake huvuka tabaka angavu lisilopitisha umeme, na kipokea nuru hujibu kwa kuruhusu mkondo upite upande wa pili.

Kazi moja kubwa ya optokapla ni kuiwezesha saketi ya volti ndogo, kwa mfano mikrokontrola ya volti 5 au 3.3, iwashe na kuzima mzigo wa volti kubwa. Katika elektroniki, *mzigo* ni kifaa chochote kinachotumia umeme mwishoni mwa saketi: pampu, hita, taa, mota au koili ya relei. Hitilafu ikitokea upande wa mzigo, utengano huo huzuia volti kubwa isirudi kwenye saketi ya udhibiti wala kumfikia mtu anayeishika.

Optokapla ziko za aina nyingi, na nyingi hufanana kwa umbo: kipande kidogo cheusi au cheupe chenye miguu 4, 6 au 8. Zinatofautiana kwa kilichomo ndani. Kwa hiyo uchaguzi huanza na mzigo wenyewe, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye LED.

## Historia

Optokapla ilisubiri kupatikana kwa diodi itoayo nuru. Mwaka 1961 James R. Biard na Gary Pittman wa kampuni ya Texas Instruments nchini Marekani waligundua kwamba diodi ya galiamu-arsenidi hutoa mionzi ya infraredi mkondo unapopita ndani yake. Mwaka 1962 Nick Holonyak, aliyekuwa akifanya kazi General Electric, alionyesha LED ya nuru nyekundu inayoonekana kwa macho. Mwaka 1963 ombi la hataza liliwasilishwa Marekani kuhusu kutumia kitoa nuru na kipokea nuru vya semikonda ili kutenganisha saketi mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vifaa vya aina hiyo vilianza kuuzwa.

Mwaka 1983 kanuni za MIDI, zinazounganisha ala za muziki za kielektroniki, ziliweka optokapla kwenye kila pokezi. Ishara husafiri kwa mkondo wa takriban miliampea 5 na kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, na optokapla huzuia mvumo unaotokea graundi za vyombo viwili zinapounganishwa.

Siku hizi optokapla imo katika vifaa vingi vya nyumbani. Ndani ya chaja nyingi za simu na vyanzo vya umeme vya televisheni na kompyuta, optokapla hukaa kati ya upande wa gridi na upande wa volti ndogo, ikirudisha habari za volti ya kutokea bila kuunganisha pande hizo.

## Muundo na utendaji

LED iliyo ndani ya optokapla kwa kawaida hutoa infraredi, hivyo mwanga wake hauonekani. Volti yake inapowaka ni karibu 1.2. Kama LED nyingine zote, huhitaji rezista ya kupunguza mkondo. Ikiunganishwa moja kwa moja kwenye volti 5 huungua.

Katika aina ya kawaida kipokea nuru ni fototransista, yaani transista ambayo badala ya kuendeshwa na mkondo wa beisi huendeshwa na nuru. Optokapla PC817 ya kampuni ya Sharp, ambayo hutengenezwa pia na kampuni nyingine kwa majina yanayofanana, ina miguu minne: mguu wa 1 ni anodi ya LED, wa 2 ni kathodi, wa 3 ni emita na wa 4 ni kolekta. Kitone kwenye mwili huonyesha mguu wa 1.

### Uwiano wa mkondo

Nguvu ya optokapla ya fototransista hupimwa kwa uwiano kati ya mkondo wa kutokea na mkondo wa LED. Katika karatasi za data uwiano huo huandikwa CTR na hutolewa kwa asilimia. Ikiwa CTR ni asilimia 100, miliampea 5 kwenye LED huruhusu miliampea 5 kwenye fototransista. Ikiwa ni asilimia 20, huruhusu miliampea 1 tu.

CTR hutofautiana sana hata kati ya vijenzi vya jina moja. PC817 inaweza kuwa na CTR kuanzia asilimia 50 hadi 600 inapopimwa kwa miliampea 5. Kwa sababu hiyo huuzwa kwa madaraja yanayotambuliwa kwa herufi: A ni 80 hadi 160, B ni 130 hadi 260, C ni 200 hadi 400 na D ni 300 hadi 600. Optokapla ya zamani 4N25 inahakikishiwa asilimia 20 tu, ilhali 4N35 inahakikishiwa 100, ingawa kwa macho hazitofautiani. Ndiyo maana saketi iliyofanya kazi vizuri kwenye meza ya fundi inaweza kugoma pindi optokapla inapobadilishwa kwa nyingine inayofanana nayo.

Pia CTR hushuka kadiri LED inavyozeeka, na huzeeka haraka zaidi ikiendeshwa kwa mkondo mkubwa au kwenye joto kali. Kwa sababu hiyo hesabu hufanywa kwa CTR ya chini kabisa iliyohakikishwa na mtengenezaji, kisha hugawanywa kwa mbili ili kuacha akiba ya miaka ya baadaye.

## Aina

* Fototransista (PC817, 4N25, 4N35): ni rahisi na hutumika sana. Hupitisha mkondo mnyoofu mdogo, usiozidi makumi machache ya miliampea.
* Fotodalingtoni (4N33): ina transista mbili zilizofuatana, hivyo CTR yake ni kubwa, angalau asilimia 500 kwa 4N33. Hasara zake ni kwamba ni ya polepole, na ikiwaka hubakiza volti inayoweza kukaribia 1.
* Optotrayaki (mfululizo wa MOC30 ulioanzishwa na Motorola): hupitisha mkondo geu, yaani AC, katika pande zote mbili. Kazi yake ni kuwasha trayaki kubwa zaidi.
* Relei ya mosfeti: nuru huangukia seli ndogo za fotovoltaiki, nazo huwasha mosfeti mbili. Hupitisha AC na DC bila mlio wala mwendo wa sehemu yoyote.
* Kiendesha lango (TLP250): hutoa msukumo mfupi wa hadi ampea 1.5 ili kuwasha na kuzima mosfeti kubwa kwa haraka. Huhitaji chanzo chake cha umeme cha volti 10 hadi 35 upande wa kutokea.
* Optokapla ya kasi (6N137): hupeleka data hadi biti milioni 10 kwa sekunde. Ni ya ishara tu, haikusudiwi kuendesha mizigo.
* Optokapla ya fotorezista: ni ya polepole sana, lakini hupendwa katika vikuza sauti kwa kuwa ukinzani wake hubadilika taratibu.

## Kuchagua optokapla kwa ajili ya mzigo

### Aina ya umeme

Swali la kwanza ni kama mzigo unatumia mkondo mnyoofu, yaani DC, au mkondo geu, yaani AC. Fototransista hupitisha mkondo upande mmoja tu, hivyo haifai kuwasha mzigo wa AC moja kwa moja. Trayaki nayo ikishawaka hubaki imewaka hadi mkondo ushuke karibu na sifuri. Katika AC ya hezi 50 jambo hilo hutokea mara 100 kwa sekunde, lakini katika DC halitokei kabisa. Mtu akiunganisha optotrayaki kwenye pampu ya betri, pampu itawaka na haitazimika mpaka waya ukatwe.

### Mkondo

Swali la pili ni mzigo unavuta mkondo kiasi gani. Kwa kawaida optokapla haibebi mzigo yenyewe. Huwasha kijenzi kingine kinachoubeba. Kiwango cha juu cha PC817 ni miliampea 50, nacho ni kikomo cha kuungua, si kiwango cha kufanyia kazi. Relei ndogo ya volti 5 yenye koili ya ohmu 70 huvuta takriban miliampea 71, hivyo hata koili hiyo ni nzito kwa PC817. Optokapla huwekwa iwashe transista ndogo, na transista hiyo ndiyo hubeba koili.

Vivyo hivyo optotrayaki za MOC30 hustahimili msukumo wa hadi ampea 1 kwa muda mfupi sana, lakini mfululizo haziwezi zaidi ya takriban miliampea 100. Hubeba tu mkondo wa kuamsha lango la trayaki kubwa.

### Volti

Kijenzi cha kutokea lazima kistahimili volti ya juu kabisa inayojitokeza kikiwa kimezimwa. Kwa AC, volti hiyo si ile inayotajwa kwa kawaida bali ni ya kilele, ambayo ni kubwa kwa mara 1.41. Umeme wa volti 120 wa Marekani una kilele cha takriban 170. Umeme wa volti 230 una kilele cha 325, na wa 240, kama wa Kenya, una kilele cha 339.

Michoro mingi ya saketi inayosambaa imechorwa kwa ajili ya volti 120 na hutumia MOC3021 au MOC3041, ambazo hustahimili volti 400. Kwa volti 120 akiba ni kubwa. Kwa volti 240 inabaki chini ya volti 65, na mruko mmoja wa umeme, kwa mfano radi ikipiga mbali au mota kubwa ya jirani ikizimwa, unaweza kuivuka. Katika nchi za Afrika Mashariki inafaa kuchagua optotrayaki ya volti 600 au 800.

### Wakati wa kuwaka

Optotrayaki ziko za namna mbili. Za kuvuka sifuri zina saketi ndani inayosubiri hadi volti ya AC iwe karibu na sifuri ndipo iruhusu kuwaka. Hupunguza mshtuko wa umeme na kelele za redio, na hufaa kwa hita na taa zinazowashwa au kuzimwa tu. Za papo hapo huwaka mara LED inapowaka, popote mawimbi ya AC yalipofika. Hizi ndizo zinazohitajika kupunguza mwanga wa taa au mwendo wa feni kwa kukata sehemu ya kila wimbi. Aina ya kuvuka sifuri ikiwekwa kwenye kipunguza mwanga, taa haitafifia taratibu. Itawaka yote, itazima au itapepesa.

| Optotrayaki | Volti | Namna ya kuwaka | Mkondo wa LED unaohitajika (miliampea) |
|---|---|---|---|
| MOC3021, 3022, 3023 | 400 | papo hapo | 15, 10, 5 |
| MOC3051, 3052 | 600 | papo hapo | 15, 10 |
| MOC3041, 3042, 3043 | 400 | kuvuka sifuri | 15, 10, 5 |
| MOC3061, 3062, 3063 | 600 | kuvuka sifuri | 15, 10, 5 |
| MOC3081, 3082, 3083 | 800 | kuvuka sifuri | 15, 10, 5 |

Safu ya mwisho ina uzito wake. Mguu wa mikrokontrola unaomudu miliampea chache tu utaiwasha MOC3063 bila shida, lakini MOC3061 inaweza isiwake au iwake mara kwa mara tu.

### Kasi

Kuwasha pampu mara moja kwa saa hakuhitaji kasi. Kurekebisha mwendo wa mota kwa kuiwasha na kuizima mara 20,000 kwa sekunde ni jambo jingine, kwani kila mzunguko una mikrosekunde 50 tu. PC817 huchukua mikrosekunde kadhaa kubadilika, na zaidi ikiwa rezista iliyo upande wa kutokea ni kubwa. Mosfeti inayozimika polepole hukaa muda mrefu katika hali ya kati, haijafunga wala haijafunguka, na hupata moto. Kwa kazi hiyo huchaguliwa kiendesha lango kama TLP250.

## Mifano ya hesabu

### Pampu ya volti 12

Pampu ya DC ya volti 12 huvuta ampea 5, nayo inatakiwa kuwashwa na mikrokontrola ya volti 5. Mkondo huo ni mara 100 ya kikomo cha PC817, hivyo huwekwa mosfeti, kwa mfano IRFZ44N ya volti 55. Ukinzani wake ikiwa imewaka kikamilifu ni takriban ohmu 0.0175, hivyo kwa ampea 5 hupoteza wati 0.44 tu.

Kolekta ya optokapla huunganishwa kwenye +12 na emita kwenye lango la mosfeti. Rezista ya ohmu 10,000 huunganisha lango na chanzo cha mosfeti ili ilizime optokapla inapozimika. Rezista hiyo huhitaji mkondo wa 12 ÷ 10,000, yaani miliampea 1.2. PC817 ya daraja A ikipewa miliampea 5 huhakikisha miliampea 4. Nusu yake kwa ajili ya uzee ni 2. Kwa kuwa 2 ni zaidi ya 1.2, saketi ina akiba ya kutosha.

Upande wa LED, rezista ni (5 − 1.2) ÷ 0.005, yaani ohmu 760. Thamani ya kawaida iliyo karibu ni 750 au 680.

Mambo mawili hukamilisha saketi hii. Kwanza, diodi yenye uwezo wa kubeba mkondo wa pampu huwekwa sambamba na pampu, kathodi ikielekea upande wa +12, ili kumeza volti kubwa inayozuka pampu inapozimwa. Pili, ikiwa betri ni ya volti 24, lango la mosfeti lingepata volti karibu 24 ilhali kikomo chake ni 20. Hapo huongezwa diodi ya zena ya volti 12 kati ya lango na chanzo, pamoja na rezista kati ya emita na lango.

### Hita ya volti 240

Hita ya wati 2,000 kwa volti 240 huvuta ampea 8.3. Mzigo ni AC, hauhitaji kufifishwa wimbi kwa wimbi, na kilele cha volti ni 339. Kwa hiyo MOC3063 ya volti 600 ya kuvuka sifuri inafaa, ikiwasha trayaki ya ampea 16 kama BTA16-600.

LED huhitaji miliampea 5. Mikrokontrola ya volti 3.3 ikitumia rezista ya ohmu 220 huipa takriban miliampea 9, ambayo ni akiba nzuri.

Rezista kati ya optotrayaki na lango hulinda optotrayaki isipitishe zaidi ya ampea 1 iwapo trayaki itawashwa kwenye kilele. Volti 339 kwa ampea 1 ni ohmu 339. Thamani ya kawaida inayofuata juu yake ni 360. Mchoro wa volti 120 huonyesha rezista ndogo zaidi, kama ohmu 180, ambayo haifai hapa.

Trayaki hubakiza volti moja na zaidi kidogo inapowaka, hivyo kwa ampea 8.3 hutoa joto la karibu wati 10. Lazima ifungwe kwenye bati la kupoza joto. Herufi hapa zina maana: bati la mgongoni la BTA limetengwa na umeme, lakini la BTB limeungwa na umeme wa gridi. Bati la kupoza lililofungwa kwenye BTB bila kizuizi huwa na umeme hai.

## Utengano na usalama

Optokapla hutenganisha saketi ya udhibiti na mzigo. Haitenganishi mzigo na umeme wa gridi. Trayaki ikiwa imezimwa, waya wa mzigo bado unaweza kuwa na volti ya kutosha kuua. Kabla ya kugusa mzigo, umeme hukatwa kwa swichi kuu au plagi.

Karatasi ya data ya PC817 hutaja utengano wa volti 5,000. Hicho ni kipimo cha jaribio la dakika moja, si volti ya kufanyia kazi kila siku. Vipimo vya usalama vya optokapla vimo katika viwango vya kimataifa kama IEC 60747-5-5.

Utengano hauwi bora kuliko nafasi iliyoachwa kwenye bodi. Safu mbili za miguu ya optokapla ya kawaida ziko umbali wa milimita 7.62, na vidoa vya kulehemea hupunguza nafasi hiyo. Njia ya shaba ikipitishwa chini ya optokapla, au uchafu wa kulehemu na unyevu vikibaki hapo, umeme hupata njia ya kando. Kwa sababu hiyo bodi nzuri hukatwa ufa chini ya optokapla, na hakuna njia yoyote ya shaba inayovuka mstari huo.

Graundi za pande mbili hazipaswi kuunganishwa. Moduli nyingi za relei zinazouzwa kwa wanafunzi zina optokapla pamoja na kiunganishi kidogo kilichoandikwa JD-VCC. Kiunganishi hicho kikiachwa mahali pake, relei na mikrokontrola hutumia chanzo kimoja cha umeme, na optokapla haitenganishi chochote. Utengano unaobaki ni ule wa relei yenyewe, kati ya koili na viunganishi vyake. Kupata utengano wa optokapla, kiunganishi huondolewa, koili za relei hupewa chanzo chao, na graundi ya chanzo hicho haiungwi na ya mikrokontrola.

Trayaki inapoharibika mara nyingi hufunga, yaani hubaki imewaka daima. Hita ya maji au ya mashine ya kutotolea vifaranga ikitegemea trayaki peke yake inaweza kuendelea kuchemsha hata mikrokontrola ikiamuru izime. Huhitajika kinga ya pili isiyotegemea elektroniki, kama themostati au fyuzi ya joto iliyo mfululizo na mzigo.

## Hitilafu za kawaida

* *Taa ya LED huwaka hafifu hata ikizimwa.* Kapasita iliyowekwa sambamba na trayaki ili kumeza mishtuko hupitisha mkondo mdogo. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwa volti 240 na hezi 50 hupitisha takriban miliampea 7.5, ya 0.01 hupitisha 0.75 tu.
* *Taa ndogo hupepesa.* Taa ya wati 5 huvuta takriban miliampea 21, ilhali trayaki kama BTA16-600B inaweza kuhitaji hadi miliampea 50 ili ibaki imewaka. Kwa mzigo mdogo trayaki ndogo au relei hufaa zaidi.
* *Mzigo hauzimiki.* Trayaki imetumika kwenye DC, au imeharibika.
* *Mosfeti hupata moto.* Lango halipati volti ya kutosha kwa sababu CTR ni ndogo, au optokapla ni ya polepole kwa kazi hiyo.
* *Chaja hutoa volti kubwa kuliko kawaida.* Optokapla ya marejesho inaweza kuwa imekufa au imezeeka. Chanzo hakipati tena habari za volti ya kutokea.

## Kupima optokapla

Optokapla ya fototransista hupimwa nje ya saketi kwa mita ya kawaida. Mita ikiwa kwenye alama ya diodi, waya mwekundu huwekwa mguu wa 1 na mweusi mguu wa 2. LED nzima huonyesha karibu volti 1, na waya zikigeuzwa haionyeshi kitu. Kisha LED huwashwa kwa betri kupitia rezista, kwa mfano volti 5 na ohmu 470, huku mita ikipima ukinzani kwa waya mwekundu mguu wa 4 na mweusi mguu wa 3. LED ikizimwa ukinzani huwa mkubwa mno. Ikiwashwa hushuka sana.

Kipimo hiki huonyesha kwamba kijenzi ki hai, lakini hakionyeshi CTR yake wala ubora wa utengano. Kwa hiyo optokapla iliyotolewa kwenye bodi kuukuu haifai kurudishwa mahali ambapo usalama wa mtu unaitegemea.

## Tazama pia

* Diodi
* LED
* Mosfeti
* Relei
* Transista
* Trayaki